Kulia Siyo Kutunga

Mtangazaji alimuuliza mume wangu nyimbo zake anazitoa wapi. Ilikuwa asubuhi, kipindi cha dini, na mimi nilikuwa kwenye kibanda changu sokoni Tunduma nachambua mchele. Jirani yangu muuza dagaa alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho ili mstari wetu wote tumsikie mwalimu wa kwaya. Akanigusa bega. "Sikiliza mumeo, ndiyo anajibu."

Mume wangu alikohoa kidogo, kama anavyokohoa kanisani kabla ya kuwapa waimbaji sauti. Akasema nyimbo zake hazitoki mbali. Akasema yeye hutembea, huangalia, husikiliza. Anapita kwenye foleni ya malori, anapita bombani, anapita msibani, na maisha ya kawaida ya watu yanampa wimbo. "Mtunzi ni mtu mwenye masikio," alisema. Mtangazaji akafurahi, akalirudia hilo la masikio, halafu wakauweka ule wimbo wa maharage.

Muuza dagaa akajaribu kuongeza sauti ingawa ilishafika mwisho. Wanawake wa mstari wetu wakaanza kuitikia huku wanapima unga. Nilitoa jiwe kwenye ungo, nikalitupa, nikatafuta jingine.

Masikio anayo, sikatai. Hilo la kutembea ndilo geni kwangu. Anatengeneza simu kwenye kichumba karibu na barabara ya mpakani, na kutoka pale anakuja nyumbani, na kutoka nyumbani anakwenda kanisani, na njia yote hiyo macho yake yako kwenye simu. Bombani sijawahi kumwona. Niliyekuwa nakwenda bombani ni mimi. Nikirudi nilikuwa nasimulia.

Nimezaliwa Hasamba, kwenye kahawa. Baba yangu ni mtu wa kimya, anayeweza kupalilia shamba zima bila kufungua mdomo, na nadhani mama alisema kwa niaba ya wote wawili. Alisema na kuku, alisema na mashine ya kukoboa kahawa ilipokwama, mvua ikinyesha na kahawa iko kichanjani aliitokea nje na kuiuliza imekuja na nani na nani kaialika. Sisi watoto tulicheka, naye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Mdomo huo nimeurithi. Shuleni ulinipatia viboko. Nilipoolewa Tunduma ulinipatia sifa ya kuwa mke mchangamfu, maana mwanamume niliyeolewa naye, mtu wa Ihanda, mpole, wa maneno machache, alipenda kunisikiliza.

Niseme wazi kwamba nilimpenda kwa sababu hiyo. Wanaume wengi niliowaona nikikua walikuwa wakisikia mwanamke anaongea wanatafuta kofia waondoke. Huyu alivuta kigoda akakaa. Nikipika, anakaa. Nikifua, anakaa. Wifi yangu alikuwa akinitania kwamba kaka yake amerogwa.

Wimbo wa kwanza ulitokana na malori. Tulikuwa tumepanga chumba karibu na barabara kuu, na siku hiyo foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ilikuwa imeganda kabisa, hata mtu mwenye ndoo kichwani alipita kwa shida katikati ya matairi. Niliingia ndani nikiwa nimelowa, nikamwambia, "Wale madereva wamesimama mpaka wamesahau walikuwa wanakwenda wapi. Ukimuuliza mmoja atakwambia hapa ndiyo kwao." Alicheka sana. Jumapili iliyofuata kwaya ikaimba kwamba tumesimama mpakani tukasahau safari, tukadhani hapa ndiyo kwetu, kumbe kwetu ni mbinguni. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma uso ukiwaka kwa furaha. Nje nilimwambia mama mmoja, "Lile neno la malori ni langu," naye akanipiga mgongoni akasema, "Wewe mke wa mwalimu wewe!" kana kwamba nimefanya utani. Sikujali. Nilikuwa mke mpya, na neno langu lilikuwa limevaa joho.

Zikafuata nyingine. Mtoto wetu alipougua homa kali akiwa mchanga, tulikaa zahanati tangu asubuhi, naye yuko mgongoni kwangu, anachemka. Nilikuwa namsemesha ili asilale. Nilimwambia asinifanyie mchezo, asiniache na kanga tupu mkononi, nitamfungia nani mgongoni. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni. Mtoto alipona, sasa ni kijana anasoma shule ya bweni, lakini kabla hajapona vizuri wimbo wa kanga tupu ulikuwa umeshaanza kufanyiwa mazoezi. Nilipousikia nilitaka kumuuliza. Halafu nikamtazama mtoto anavyocheza, nikaachana nalo. Nilisamehe wakati ule bila kujua kwamba kuna kitu nimekisamehe.

Kisha mama yangu akafariki.

Ulikuwa msimu wa kuchuma. Mama alibandika maharage asubuhi, akatoka kwenda kugeuza kahawa kwenye kichanja, akaanguka palepale. Nilipopigiwa simu nilifunga kibanda, tukapanda gari mimi na mume wangu. Tulifika Hasamba mama ameshalazwa sebuleni na wanawake wamejaa. Lakini mimi nilipitia mlango wa jikoni, kwa sababu ndio mlango tuliouzoea, na huko jikoni moto ulikuwa unaendelea, kwa kuwa wageni wa msiba wanakula. Kwenye mafiga ya pembeni kilikuwa kile chungu cha mama cha maharage. Hakuna aliyekigusa. Mwiko ulikuwa ndani.

Kwetu mwanamke akifiwa haangui kilio tu. Anasema na marehemu. Anamuuliza, anamgombeza, anamwagiza salamu. Hakuna anayekufundisha, siku ikifika unasema. Nilitoka jikoni nikaingia sebuleni nikapiga magoti, na kwa Kinyiha nikamwambia mama maharage yake hayajaiva, anaondoka kwenda wapi. Ni nani huko aliyemwita kwa sauti kubwa kuliko yetu. Nikamwambia ameacha mwiko umesimama chunguni, arudi autoe, aonje, aweke chumvi, halafu aende vizuri kama mtu mwenye adabu. Nilisema mengi. Mengine siyakumbuki, na ningeachiwa ningeyasahau yote.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu ameishika usawa wa kifua. Nilimwona. Nilidhani anawapigia watu wa Tunduma kuwaambia mazishi ni lini.

Baada ya mazishi yeye alirudi kazini, mimi nikabaki na baba. Kahawa haingojei msiba. Tulichuma, tukakoboa, tukaanika, baba na mimi, na yeye akiwa kimya kuliko zamani, kwa kuwa sasa hakukuwa na mtu wa kusema kwa niaba yake. Kahawa ilipokauka nikampikia chakula cha siku mbili, nikapanda gari kurudi Tunduma.

Nilishuka stendi na furushi langu. Pale pana vijana wanaoingiza nyimbo kwenye simu za watu, na spika zao huwa zinagombana barabarani kila mmoja na wimbo wake. Nikapita katikati yao. Nikasikia kinanda, na juu ya kinanda sauti za wanawake, laini, zinapanda pamoja:

"Mama, maharage bado hayajaiva, wasafiri kwenda wapi?"

Nilisimama. Mtu wa bodaboda alinipigia honi nikasogea bila kugeuka. Nilisikiliza wimbo wote. Mwiko ulikuwemo. Sauti kubwa kuliko yetu ilikuwemo. Kitu kimoja alikikosea, na hicho ndicho kilichonitoa machozi, siyo maneno yaliyokuwa sahihi. Kwa Kinyiha nilikuwa nimetumia neno la kumkaripia mtoto anayetoka nyumbani bila kuaga. Yeye alikuwa ameweka "wasafiri", neno la kwenye kadi za rambirambi. Mama yangu alikuwa amefanywa abiria.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwake na furushi likiwa kichwani. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, bisibisi mdomoni. Aliniona, akafurahi, akaondoa bisibisi.

"Karibu, mama. Baba anaendeleaje?"

"Ulinirekodi."

Hakuuliza nini. "Nilirekodi msiba. Kila mtu alikuwa anarekodi."

"Yale ni maneno yangu."

"Ni maneno ya msiba. Kwenu wanawake wote si wanalia hivyo?"

"Kuna mwanamke gani mwingine mama yake aliacha maharage jikoni siku ile?"

Aliifuta meza kwa kiganja. Halafu akanieleza kwa upole, na upole ule ndio sijaumaliza mpaka leo. "Mama, nisikilize. Wewe ulikuwa na uchungu, ukalia. Mimi nimekaa na kile kilio, nikakitafutia sauti, nikapanga beti, nikafundisha watu. Wewe ulikuwa unalia. Kulia siyo kutunga."

Mteja aliingia na simu iliyodondoka kwenye maji. Nikaondoka.

Kuna jambo lazima niliseme hapa, nisipolisema nitakuwa mwongo: sauti ya wimbo ule ni yake, na ni nzuri. Pale kiitikio kinapopanda halafu kinaachwa hewani bila kushuka, kama mtu aliyeuliza na hajajibiwa, hapo hakuna mtu aliyemsaidia. Ningekuwa nimeolewa na mtunzi mbaya ningemcheka nikaendelea na maisha yangu. Nimeolewa na mtu aliyejua kabisa anachukua nini na kina uzito gani.

Wakatengeneza video. Mabinti wa kwaya, sare ya kitenge cha zambarau, wanayumba taratibu mbele ya mafiga matatu yenye chungu kipya ambacho hakijawahi kuona moto. Wimbo ukavuka mpaka. Nilikwenda Nakonde kununua vitenge nikawakuta wanawake wa kule wanauimba, wengine hata Kiswahili hawakijui vizuri, wanalitamka "hayajaiva" kwa shida na machozi yanawatoka. Mmoja aliniambia wimbo ule ulimsaidia alipofiwa na mama yake. Nilimwambia, "Pole sana." Ningemwambia nini kingine?

Nilijaribu kuongea na watu. Mama mchungaji alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Akasema mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo karama ya mmoja ni ya wote. Nikamuuliza mbona kwenye kava ya video lipo jina la mwili mmoja tu. Akacheka, akaniongezea chai. Nikampigia mdogo wangu, tuliyelia naye siku ile bega kwa bega, nikijua yeye ataelewa. Kabla hajapokea nikasikia ule wimbo. Alikuwa ameuweka kama mlio wa kumsubirisha anayepiga. "Dada!" alisema. "Umeona mama anavyoimbwa nchi nzima? Shemeji katuheshimisha." Nilimuuliza watoto hawajambo. Akasema hawajambo.

Hapo ndipo nilipoacha kuongea.

Sikuapa, wala sikumtangazia mtu. Nilikuwa nikirudi kutoka sokoni na jambo liko mdomoni, labda mtu wa forodha kakimbizana na mbuzi, labda mama fulani kanijibu jibu la ajabu, na nikifika mlangoni namwona amevuta kigoda chake kile, amekaa, anasubiri, na uso ule wa kusikiliza nilioupenda. Jambo linarudi tumboni. Nasema, "Shikamoo." Nasema, "Maji ya kuoga tayari." Nasema, "Mchele umepanda." Sokoni nilikuwa mtu yuleyule, nacheka na kutukana kama kawaida. Nyumbani nikawa mke ambaye wanaume wengi wanamwomba Mungu awape.

Mwanzoni hakutambua. Baadaye akaanza kuuliza, "Leo hakuna habari?" Hakuna. "Bombani je?" Watu walichota maji. Kisha akaanza kunichokoza. Mtu mpole yule, ambaye hakuwahi kulalamikia chakula, akaanza kusema mboga haina chumvi, nguo hazijatakata, na akishasema ananitazama mdomoni. Nilikuwa najibu, "Sawa, baba." Siku moja alinigombeza kwa sauti kuhusu shati, na simu yake ilikuwa mezani imelazwa kifudifudi. Niliigeuza. Ilikuwa inarekodi. Niliirudisha kama ilivyokuwa, nikaenda kulifua lile shati upya.

Basi akaamua kufanya yale aliyoyasema redioni: kutembea na kuangalia. Aliniomba tufuatane Ivuna, kwa mjomba wake, akidai mzee anaumwa mguu. Mguu ulikuwa mzima. Tulishuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, joto likatupokea kama mtu aliyekuwa anatusubiri kwa hasira. Wanawake walikuwa wanachemsha chumvi: wanachuja maji kwenye udongo wenye chumvi, wanayabandika kwenye sufuria pana, wanakaa na moto mpaka maji yote yaondoke. Macho yao mekundu kwa moshi, mikono imepasuka. Mume wangu alitoka kwa mmoja akaenda kwa mwingine na simu yake.

"Mama, ukiwa unachemsha hapa huwa unajisikiaje moyoni?"

"Nasikia joto," mwanamke alisema.

"Zaidi ya joto?"

Mwanamke alimtazama, akanitazama mimi, kama anauliza huyu ni mgonjwa wangu. "Kiu," akasema, akaendelea kukoroga.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ghala, na niliona mambo mengi siku ile ambayo siyaandiki. Niliona, sikusema. Tukiwa kwenye gari la kurudi aliniuliza nimeonaje Ivuna. Nikamwambia ni mbali.

Wimbo aliotunga baada ya safari ile ulisema sisi ni chumvi ya dunia. Hakuna kanisa lisilo na wimbo wa namna hiyo. Kwaya iliuimba vizuri, watu wakaitikia amina, wakatoka nje wakiongelea bei ya mahindi. Akatunga mwingine wa mlima, mwingine wa jua kuchomoza. Alikuwa anaamka mapema kulitazama hilo jua. Waimbaji wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu amechoka. Mzee mmoja wa kanisa akashauri waimbe zile za zamani kwanza.

Pasaka ilipokaribia alikuja sokoni. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alikaa juu ya gunia, kati ya wateja, jasho linamtoka, akanisubiri mpaka nimalize kumpimia mtu sado ya mchele.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Sema chochote."

"Kuhusu nini?"

"Chochote tu. Ulivyokuwa unasema zamani."

Muuza dagaa alikuwa anasikiliza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekonda, kola imechakaa shingoni, vidole vyake vile vya kushika vitu vidogo vinacheza juu ya magoti. Nilimhurumia. Sentensi ilinijia palepale, nzima, nzuri kuliko ya malori na ya kanga, inayohusu yeye alivyokaa juu ya lile gunia. Niliisikia mdomoni kama kipande cha barafu.

"Karibu mchele," nikamwambia. "Wa Kamsamba huu, unanukia."

Aliinuka akaenda. Mwaka ule walimleta mwalimu mwingine wa kwaya, kijana kutoka Mbeya anayejua kusoma nota. Mume wangu walimpa cheti cha shukrani na kuku wawili. Tulikula wale kuku. Tukiwa mezani aliniambia, "Umeniua," na hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayetaja bei. Tunaishi pamoja mpaka sasa. Anatengeneza simu. Mimi simchukii kila siku.

Nilidhani maneno yakiwa yangu tena nitayafanyia kazi mwenyewe. Nikatunga wimbo, wangu, tangu neno la kwanza mpaka sauti, nikawafundisha akina mama wa kikundi chetu cha maombi. Ulihusu mikono ya wachuma kahawa. Tuliuimba ibadani, na nilisimama mbele mimi mwenyewe kuongoza, nikiwa nimevaa kitambaa cha mama yangu kichwani. Kanisa lilisimama. Watu walilia. Baada ya ibada yule mzee wa kanisa alitukuta mlangoni. Alinipita. Akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu!" alisema. "Nilijua utaamka tu. Sasa wimbo umeupitishia kwa mama, eeh? Ubunifu wa hali ya juu."

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa muda. Ningekuwa na saa ningemhesabia. Alitazama viatu vyake, akasema, "Tumshukuru Mungu."

Wanawake wa kikundi nao, ambao nilikaa nao mazoezini wiki zote zile, wanaojua fika nani aliwafundisha kila neno, waliniambia nimeambukizwa kipaji na mume wangu. Walilisema kwa upendo. Tangu siku hiyo nyimbo nimeziacha. Naandika maneno marefu namna hii, yasiyoimbika.

Mwaka jana alifariki mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa. Nilikwenda Hasamba. Nikaingia kwa mlango wa wageni, nikafika alipolazwa, nikapiga magoti. Wanawake walininyamazia wakisubiri, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa upande ule, na ilikuwa zamu yangu kusema naye. Nilimpenda mama mdogo. Alinifundisha kusuka mkeka. Nilifungua mdomo nikainua macho, na nikaona mlangoni watoto wa wadogo zangu, simu mikononi, wengine wananirekodi, wengine hawana hata habari na mimi, wanasoma tu ujumbe. Sikuweza kuwatenganisha. Nilifunga mdomo. Nilikaa pale mikono mapajani, macho makavu. Nikamsikia bibi mmoja anamwambia mwenzake kwa Kinyiha kwamba Tunduma imenikausha.

Kaburini vijana wa kwaya ya pale waliimba. Waliimba ule wa maharage, ambao kwenye msiba wowote wa siku hizi ukanda huu lazima uimbwe. Watoto wa mama mdogo walishikana, wakalia kwa yale maneno, na niliona kabisa kwamba yanawasaidia, yanawatoa sumu. Mimi niliyeyasema sikuyapata. Nilirudi nyumbani kabla ya wengine nikaosha masufuria.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja, mwanamke wa Nakonde, mfanyabiashara wa mchele, anavuka kila baada ya siku chache kununua magunia. Mtu wa maneno. Kiswahili chake amekichanganya na Kibemba, na anapunguziwa bei kwa kusimulia maisha yake mpaka unaona aibu kukataa. Mwezi uliopita alikuwa anamsema mumewe wa zamani, aliyehamia mjini na mwanamke mwingine halafu amerudi akiwa mgonjwa anaomba auguzwe. Akasema kitu juu ya mwanamume yule na kitanda chake, kifupi, kikali, ambacho mimi nisingekipata hata ningekaa mwaka mzima nakitafuta. Wote pale walicheka. Mimi mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu.

Nikauona mkono. Nikaurudisha.

"Mama," nilimwambia, "hilo neno ulilosema, naomba niliandike."

Kicheko chake kilikatika. "Uliandike wapi?"

"Kwenye maandishi yangu. Huwa naandika habari za maisha."

"Ya nani?"

Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, kama tulivyomwangalia mtu mmoja aliyekuja siku moja kutupiga picha bila salamu.

"Awe, mayo," alisema, akitikisa kichwa. Hapana, mama. "Hilo ni langu. Nimelilipia."

"Basi," nikasema. "Siliandiki."

Alinunua gunia alilokuja kununua, hakupunguziwa wala hakuomba kupunguziwa. Sikuliandika. Mara iliyofuata alipovuka nilimwona kwa mbali, nikamwinulia mkono. Alinipita, akaenda kibanda cha mwisho wa mstari, na tangu hapo ananunua kule.